Mtoto akiuliza tunarudi nyumbani lini



Katika mkutano wa juma lililopita mama mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikupata jibu, kwa sababu mvua ilianza na kila mtu akakimbilia nguo alizoanika. Aliuliza hivi: "Mutoto akishaenda, miaka tano, miaka kumi, tumuite arudie ao tumuache?" Watoto wake watatu wako inje. Mmoja yuko Lubumbashi, mmoja Nairobi, mmoja Australia ndani ya mji ambao jina lake linamshinda kutamka. Tumeona tujaribu kulijibu hapa, kwa kuwa swali hilo ni la nyumba yetu pia.

Tunasema "sisi" kwa sababu tuko wawili. Dada mkubwa ni mwalimu wa Kifaransa, anaishi Nguba, na ndiye anayeshika kalamu. Mdogo ni mshonaji wa nguo Kampala, na anatuma sauti za WhatsApp usiku watoto wakishalala. Maneno yote haya tumeyasikiliza wawili. Pale tuliposhindwa kukubaliana, tumeacha hivyo.

Tulikulia Nguba, upande unaotelemka kuelekea ziwani. Mnajua wenyewe jinsi mji wetu ulivyokaa, umetia vidole vyake majini, na usiku taa za Kamembe zinaonekana ng'ambo kana kwamba ni mtaa mwingine wa Ibanda. Mtoto wa Nguba anaiona nchi ya kigeni kabla hajajua kuandika jina lake. Mama yetu alivuka Ruzizi asubuhi na jeto yake mkononi, akanunua nyanya na unga Kamembe, na jioni alikuwa sokoni Nguba anauza. Kwa hiyo tulipokuwa wadogo hatukufikiri kwamba kuvuka mpaka ni safari. Ilikuwa kwenda sokoni.

Safari tulikuja kuijua kwa jina lingine. Ndani ya Kiswahili chetu cha hapa kuna kusafiri na kuna kukimbia, na kila mama anajua tofauti. Mwezi wa kumi 1996, vita ilipoingia Bukavu, siku zile ambapo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa mjini, mkubwa kati yetu alikuwa na miaka sita na mdogo alikuwa na mitatu, mgongoni mwa Mama. Tulikwenda kwa miguu hadi Walungu. Kutoka safari ile tunakumbuka mambo mawili tu: viazi vitamu tulivyopewa na mama mmoja ambaye hatukumjua, na siku ya kurudi, tulipokuta nyumba ipo lakini mlango haupo. Waliochukua vitu walichukua na mlango. Mama alitundika kitenge pale, na kwa majuma mengi mlango wetu ukawa kitenge cha rangi ya manjano chenye picha za samaki. Mwezi wa sita 2004 hatukukimbia. Tulilala chini ya kitanda. Hatusimulii haya ili kuleta machozi, kila nyumba ya mji huu ina yake. Tunataka tu mwelewe kwamba tulipokuwa wasichana wakubwa tulikuwa na hamu ya kitu kimoja: kutoka nyumbani huku tumenunua tiketi, tumefunga mizigo bila haraka, na tumeagwa.

Nafasi ilikuja mwaka wa 2014. Mkubwa alikuwa amemaliza ISP, diploma iko ndani ya bahasha, na kila shule ilimjibu "acha barua, tutakuita". Mdogo alikuwa amemaliza kujifunza ushonaji. Tantini yetu aliyekuwa Kampala akauza vitenge alisema njooni, kazi haikosekani kwa mtu mwenye miguu. Mama alitufungia unga wa mihogo, sombe iliyokaushwa, na sambaza kavu kilo tatu ndani ya sashe.

Zile sashe hazikufika mbali. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na wamama mnaovuka kila siku mnajua wanavyokagua. Sisi, watoto wa mpaka, tulijua pia, ila Mama alisema "funikeni na nguo, hawataona". Waliona. Tukamwaga kilo tatu za sambaza ndani ya kitenge kipya cha mdogo, tukakifunga fundo, na kutoka Kamembe hadi Kampala basi zima lilijua sisi ni watu wa wapi.

Safari ile tunaweza kuisimulia usiku mzima. Msitu wa Nyungwe, baridi, ukungu, nyani wamekaa kando ya barabara wanatutazama kama askari wa zamu. Kigali jioni, taa zimepanda milima yote. Halafu Gatuna usiku, pale unaposhuka ndani ya basi, unatembea kwa miguu katikati ya nchi mbili ukiwa na karatasi mkononi, na unapofika upande wa Uganda saa inaruka mbele saa moja nzima. Tulikasirika juu ya ile saa, tuliona tumeibiwa. Tena upande wa Uganda magari yanakwenda kushoto, na sisi hatukuwa tumeambiwa. Mdogo aliamka usingizini, akaona taa za lori zinakuja upande wa kuume, akapiga kelele, "Dereva amelala!" Watu walicheka hadi Kabale. Asubuhi, karibu na Kayabwe, tuliona duara jeupe kando ya barabara penye mstari wa ikweta, ule tuliouchora darasani kwa rula na kalamu nyekundu. Basi halikusimama. Mwalimu aliumia sana moyoni, na hata leo akifundisha huwa anawaambia wanafunzi wake kwamba ameuvuka ule mstari, ila kwa mwendo wa basi.

Kampala tulikaa chumba kimoja upande wa Nsambya, watu watano. Asubuhi tulibeba vitenge kichwani, na hereni ndani ya kikapu, tukapita nyumba kwa nyumba. Kazi ile iko na watu wengi wa kwetu. Ukikutana na mwanamke anatembea polepole na vitenge vimepangwa vizuri begani, unaweza kumsalimia kwa Kiswahili cha Bukavu na mara nyingi utajibiwa. Mkipatana, mnakaa chini ya mti dakika kumi mnaulizana habari za Kadutu na Panzi.

Lakini Kiswahili chenyewe kilitushangaza. Hapa kwetu Kiswahili ni lugha ya mama anayekuita kula. Kule tuligundua kwamba wazee wengi wa Kiganda walikisikia miaka ya zamani mdomoni mwa askari, na wanapokisikia tena mlangoni wanakuwa na wasiwasi. Mama mmoja mzee alifunga mlango tuliposema "hodi", akaufungua tulipojifunza kusalimia kwa Kiganda. Upande wa pili, kulikuwa jirani Mtanzania, kijana mpole, ambaye kila tulipoongea alicheka hadi anashika tumbo. Tulisema "biko wapi", "tuko nakuya", "batoto bangu", na yeye alituambia tunakipiga Kiswahili mateke. Mkubwa, ambaye amesoma sarufi, alimweleza kwamba Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba, na kwamba sisi hatukikosei, tunakiongea kwa namna ya kwetu. Yule kijana alisikiliza kwa heshima, kisha akacheka tena. Tulimpenda. Na tuliona jambo ambalo hatukuliona tulipokuwa Nguba: ile "batoto bangu" ambayo tuliiona kuwa lugha ya jikoni tu ndiyo ilikuwa inatutambulisha barabarani. Mtu akiisema nyuma yako sokoni, unageuka kabla hujafikiri.

Chakula ndicho kilitushinda zaidi. Sambaza za Mama ziliisha juma la tatu. Kampala kuna mukene, samaki wadogo wa kutoka ziwa Victoria, wanafanana kwa umbo, na kila Jumapili baada ya ibada wamama wa kwetu walizipika na nyanya na pilipili wakituambia "funga macho, utaona ni sambaza". Tulifunga macho. Hazikuwa sambaza.

Hapa mwalimu anaomba dakika moja ya darasa. Miaka ile mkubwa alianza kusoma habari za ziwa letu, juu ya hamu tu, na alikuta kwamba sambaza si mwenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakatiwa ziwani, wakazaana. Bibi zetu waliozaliwa kabla ya hapo walikua bila sambaza! Samaki tuliyemlilia Kampala kama ndiye mama wa nyumba, yeye mwenyewe alikuja hapa kama mgeni, miaka si mingi kabla Mama yetu hajazaliwa. Tulipomwambia Mama kwa simu hakuamini. Alisema sambaza ni ya Kivu, na wanaoandika vitabu hawajawahi kuivua.

Na ziwa lenyewe. Wataalamu wanaeleza kwamba zamani sana maji ya Kivu yalikwenda kaskazini, upande wa Nile, hadi volkeno za Virunga zilipoziba njia. Maji yakapanda, yakatafuta upenyo kusini, ndipo Ruzizi ikaanza kushuka kwenda Tanganyika. Kutoka Tanganyika yanapita mto Lukuga pale Kalemie, yanaingia mto Kongo, yanakwenda hadi Atlantiki. Mwalimu akilifundisha somo hili mtoto mmoja hakosi kuuliza kama maji anayooga leo Nguba yatafika Matadi. Tunamjibu yatafika, lakini asiyasubiri.

Mwaka wa 2016 mkubwa alirudi. Sababu haikuwa hamu peke yake. Alibisha kwenye shule nyingi za Kampala na kila moja ilitaka Kiingereza; mwalimu wa Kifaransa mwenye diploma ya Kongo alikuwa kama kinyozi aliyefika kijiji cha vipara. Na shule moja hapa mjini ilikuwa imeita, miaka miwili baada ya barua. Mdogo alisema yeye habaki kwa muda, anabaki kabisa. Alikuwa amepata cherehani yake, wateja wake, na mwanaume ambaye baadaye alikuja kutoa mahari kwa njia inayofaa, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu.

Aliyerudi alifikiri anarudi nyumbani. Ndiyo, nyumba ilikuwepo, na mlango safari hii ulikuwepo. Lakini ile njia yetu ya kushuka ziwani kuchota maji ilikuwa imezibwa na ukuta wa mtu mwenye pesa. Muembe uliokuwa mpaka wa parsele yetu na ya jirani ulikuwa umekatwa. Watoto aliowaacha wanacheza walikuwa na ndevu. Na kwa mwaka mzima jina lake mtaani lilikuwa "Muganda". Wauzaji wa sokoni walimpandishia bei kwa sababu mtu aliyetoka inje lazima awe na dola. Tunawaambia haya wamama wenye watoto wa mbali: akirudi, mpeni muda kama mnavyompa mgeni, hata kama kitanda ni kile kile. Kuna siku alitamani matoke hadi akaona aibu kumwambia Mama.

Halafu miaka ikapita bila kuonana. Mpaka wa Gatuna ulifungwa mwezi wa pili 2019, katikati ikaja korona, na magari hayakupita tena vizuri pale hadi ulipofunguliwa tarehe 31 mwezi wa kwanza 2022. Mdogo alizaa watoto wawili ndani ya wakati ule, na Mama aliwajua wajukuu wake kwa uso ulio ndani ya simu tu, uso unaokwama mtandao ukikatika.

Walikuja mwezi wa nane 2023. Mkubwa wao alikuwa na miaka sita, mdogo minne. Mama alipaka ukuta rangi. Alinunua kuku wawili. Siku ya kwanza ilikuwa vigelegele na majirani. Siku ya pili watoto walijua mbwa wa jirani ni nani. Siku ya nne, usiku, tumekaa chini tunakula bugali na sambaza, yule wa miaka sita akamgeukia mama yake akamuuliza jambo kwa Kiganda. Mdogo wetu hakujibu, akachukua glasi ya maji. Mama akauliza, "Anasema nini?" Hakuna aliyetaka kutafsiri.

Haikuwa lazima. Mtoto alikuwa ameuliza wanarudi nyumbani lini, na neno la Kiganda la nyumbani ni eka. Nyinyi mnaojua Mashi mmeshaelewa. Neno lile ni letu pia. Mama alilisikia wazi, ndani ya nyumba yake, kutoka kinywa cha mjukuu wake, na lilimaanisha nyumba ya kupanga kule Nsambya ambayo yeye hajawahi kuiona.

Hakusema kitu. Alimaliza kula, akanawa, akaenda kulala mapema. Sisi tulibaki tumekaa, na hapo ndipo tuligombana kwa mara ya kwanza tangu utoto. Mkubwa alisema, namna gani watoto wa Nguba hawajui Kiswahili cha kumwambia bibi yao "nimeshiba"? Mdogo alisema maneno ambayo tunayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu tunafikiri kuna wamama wengine wa mbali ambao hawajapata nafasi ya kuyasema: "Yaya, niko natoka saa kumi na mbili asubuhi, niko narudia usiku. Jirani ni Muganda, masomo ni Kiingereza, kanisa nayo siku hizi ni Kiingereza. Kiswahili naongea nikikasirika. Njo maana batoto banajua ni lugha ya kukasirika."

Tulinyamaza. Kila mmoja alikwenda kulala na hoja yake.

Asubuhi, kabla hatujaamka, Mama alikuwa ameondoka na watoto. Tuliwatafuta hadi ziwani. Wavuvi walikuwa wanarudi, zile mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimezimwa, wanaimba jinsi wanavyoimba siku zote wakivuta makasia. Mama alikuwa amesimama majini hadi magotini, gauni amelikunja, mtoto mmoja kila upande. Aliwafundisha neno moja moja. Maji. Mutumbwi. Nyavu. Sambaza. Mtoto akikosea, hakumsahihisha, alisema tena tu neno lake vizuri na kuendelea. Akawapa kila mmoja ndoo ndogo ya kubeba hadi nyumbani. Yule wa miaka minne alimwaga yake mara mbili njiani, na Mama aliokota samaki mmoja mmoja kwenye mchanga bila haraka yoyote.

Mchana alimwambia mdogo wetu, faraghani, lakini kwa sauti ya kutosha ili mkubwa asikie jikoni: "Usimukatalie kusema kule njo kwabo. Ukimukatalia, atasema kwa roho, na weye hautasikia tena." Basi. Hakurudia maneno yale tena.

Tangu siku hiyo kila Jumapili saa kumi na mbili jioni ya kwetu, saa moja ya kwao, Mama anawapigia simu. Haulizi wanakuja lini. Anauliza wamekula nini, na yeye anasema amekula nini. Kisha anawasimulia kisa cha sungura, kwa Kiswahili chetu, polepole, na mtandao ukikatika anaendelea kwa sauti ya WhatsApp. Watoto sasa wanasema "batoto bangu" wao kwa wao wakicheza na mwanasesere. Mdogo anasema ni ajabu kusikia sauti ya Mama ndani ya midomo ile. Mkubwa bado anafikiri Kiswahili cha Jumapili peke yake hakitoshi. Hilo hatujapatana.

Kuna jambo moja la karatasi ambalo tunaomba wamama wasilipite. Mtoto akizaliwa hapa, sheria ya jamaa ya Kongo, jinsi ilivyorekebishwa 2016, inatoa siku 90 za kumwandikisha kwenye ofisi ya hali ya raia. Wengi tunaacha siku zipite, halafu kijana anapotaka kusafiri au kurudi hana cha kuonyesha. Na mtoto aliyezaliwa inje kwa mzazi Mkongomani ni Mkongomani, lakini katiba ya 2006 inasema uraia wetu ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine. Mdogo na mume wake walipaswa kulizungumza hili mezani, kwa utulivu, kabla karatasi yoyote haijatiwa sahihi. Wamama mnaotafuta kupeleka watoto mbali, lizungumzeni nanyi.

Sasa tufike mwezi wa pili mwaka 2025. Hatutaandika siasa hapa, na kila mmoja wenu alikuwepo au alikimbia. Vita ilipofika mjini katikati ya mwezi ule, mdogo alikaa Kampala siku tatu na simu mkononi. Mama haonekani hewani, yaya haonekani, halafu wote wanaonekana, halafu mtandao unakatika. Anasema ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuwa mbali na vita ya kwao, na kwamba ni mbaya kuliko kuwa ndani yake, kwa sababu ndani yake unajua angalau kama mlango umevunjwa ao haujavunjwa. Wa Nguba hakubali. Alikuwa chini ya kitanda kile kile cha 2004, safari hii na mtoto wake mwenyewe, na anaona hakuna kibaya kuliko hicho. Hilo pia tumeliacha hivyo.

Mawasiliano yalipotulia, mdogo alisema: njooni wote, chumba kitapatikana. Alisema kwa machozi, na alikuwa na haki. Majirani wengi walikuwa wameshakwenda, wengine Burundi, wengine Kamembe, wengine Uvira. Mkubwa alikuwa tayari kufunga mizigo. Tulimuuliza Mama.

Mama alikuwa anachambua maharagi. Alisema, "Nilikimbia 1996, nikarudi nikakosa mulango. Sasa nikikimbia nitakosa nyumba. Nendeni nyinyi. Mimi niko na miguu ya kubaki." Tulimwambia nyumba ni matofali tu. Akatutazama kama mtu aliyesikia upuuzi wa kizungu. Alisema matofali yale alibeba yeye na marehemu Baba, kichwani, akiwa na mimba ya mkubwa, na kwamba kama mdogo siku moja atafukuzwa na mwenye nyumba kule Kampala, awe na mahali pa kukasirikia.

Tulibaki. Sisi wa huku tulibaki kwa mwili, na yule wa kule alibaki kwa kazi. Benki zilikuwa zimefunga milango, mshahara hauonekani, na pesa ndogo ya cherehani ilipita kwa simu hadi kwa mtu tunayemjua Kamembe. Mwalimu alivuka Ruzizi asubuhi kama Mama alivyovuka zamani, akaipokea, akanunua unga na mafuta, akarudi kabla mpaka haujafungwa. Kuna mwezi ambao chungu chetu hakikuwa na kitu ambacho hakikutoka kwenye gauni lililoshonwa Nsambya. Kwa hiyo yule mama wa swali akituuliza kama tumwite mtoto arudi, sisi wa Nguba tunaona ugumu kujibu ndiyo. Angekuwa hapa, tungekula nini? Na yule wa Kampala akisikia watu wanasema "muache, ameshapotea", anauma meno, kwa sababu yeye hajapotea, anwani yake inajulikana, na kila gauni analoshona anahesabu ni kilo ngapi za unga.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliwapa wanafunzi wake insha ya Kifaransa: eleza nyumba yako. Wasichana wawili waliandika juu ya nyumba ambayo hawajawahi kukaa, ya shangazi aliye mbali, waliyoiona kwenye picha. Mvulana mmoja aliandika mstari mmoja, kwamba nyumba yake ni pale mama yake alipoweka sufuria, na kwamba mwaka huu sufuria imehama mara nne. Mwalimu alimpa alama nzuri, ingawa insha ilitakiwa iwe ya ukurasa mzima.

Mdogo na watoto wanapanga kuja mwezi wa nane kama njia itakubali. Mama ameshaanza kukausha sambaza juu ya mabati, na anapigana na paka wa mtaa mzima. Hataki kusubiri hadi mwezi wa nane, anasema mtoto wa miaka minne wa mwaka ule sasa ana sita na anakua bila kula. Kwa hiyo ametuomba tumalize na tangazo hili: kama kuna mama anayesafiri kwenda Kampala kabla ya mwisho wa mwezi, tuna furushi dogo, kilo mbili tu, limefungwa ndani ya kitenge. Hakuna sashe hata moja.